Malcolm X alipopigwa kura Oxford, kisha akaja Smethwick

BIRMINGHAM, Uingereza

Mtajie mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Uingereza neno mdahalo, naye atakueleza habari za mashindano: timu nne za watu wawili wawili, hoja inatangazwa dakika 15 kabla, kila msemaji ana dakika saba, halafu majaji wanapanga wa kwanza hadi wa nne. Mashindano ya dunia ya mtindo huo yalianza Glasgow mwaka 1981. Afrika iliyapata mara ya kwanza mjini Stellenbosch, kwa mashindano ya 2003.

Matokeo ninayotaka kuyazungumzia hayakutolewa na majaji. Tarehe 3 Desemba 1964, Malcolm X alisimama katika ukumbi wa Oxford Union, chama cha midahalo ambacho rais wake muhula ule alikuwa mwanafunzi kutoka Jamaika, Eric Antony Abrahams. Hoja ilikuwa maneno ya Barry Goldwater, aliyekuwa ametoka kushindwa urais wa Marekani: kwamba siasa kali si kosa zikitetea uhuru, na upole si sifa njema pale haki inapotafutwa. Malcolm aliunga mkono, pamoja na mshairi wa Scotland, Hugh MacDiarmid. Miongoni mwa waliopinga ni mbunge wa Conservative, Humphry Berkeley.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuusikiliza mdahalo ule. Oktoba mwaka huohuo Malcolm alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Rais Nyerere na Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Na pale Oxford mfano wake mzito ulikuwa Congo. Vijiji vinapigwa mabomu na ndege, wanawake na watoto wanakufa, alisema, na hakuna anayeiita hiyo siasa kali. Siku tisa tu kabla, askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa wameshushwa na ndege za Marekani Stanleyville, Kisangani ya leo.

Kule kura hupigwa kwa miguu: ukitoka unapita mlango wa ndiyo au wa hapana. Walioafiki 137, waliokataa 228. Makofi alipata, kura hakupata. Lakini waliomshinda waulize leo ni akina nani, uone wangapi watakujibu. (Na walioshindwa usiku ule hakuna aliyekamatwa. Sisi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kusema tunaiona tofauti hiyo haraka. Babu mwenyewe alifungwa kuanzia 1972 hadi 1978, akafia London mwaka 1996.)

Tarehe 12 Februari 1965 Malcolm alikuja huku kwetu, Smethwick, maili chache magharibi ya katikati ya Birmingham. Alialikwa na chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Oktoba iliyotangulia Peter Griffiths alikuwa ameshinda ubunge hapo baada ya kampeni chafu dhidi ya wahamiaji, na halmashauri ilitaka kununua nyumba za mtaa wa Marshall Street wapangishiwe Wazungu peke yao. Malcolm akautembea mtaa ule, kamera zikimfuata. Siku tisa baadaye aliuawa New York.

Serikali ya London iliinyima halmashauri mkopo wa kununulia nyumba zile. Machi 1966 Smethwick wakapiga kura tena, Griffiths akaangushwa na Andrew Faulds wa Labour.