Uigizaji wa wanamuziki halisi katika filamu

Filamu ya wasifu wa mwanamuziki ni filamu inayosimulia maisha ya mtu aliyepata kuishi na kuimba, si mhusika wa kubuni. Mwigizaji wake ana mzigo wa pekee: watazamaji wanamfahamu mhusika kwa sura, sauti na mwendo, na mara nyingi ndugu zake bado wako hai.

Mfano unaowagusa Watanzania ni Bohemian Rhapsody (2018), kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Uhindi. Alisoma shule ya bweni Panchgani, Uhindi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ilihamia Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Aliyemwigiza ni Rami Malek, Mmarekani wa wazazi kutoka Misri, ambaye alipata Tuzo ya Oscar mwaka 2019.

Meno na mwendo

Mercury alikuwa na meno manne ya ziada, yaliyoyasukuma mbele meno mengine. Malek alitengenezewa meno ya bandia, akaanza kuyavaa muda mrefu kabla ya kazi ya kamera ili azoee kuzungumza nayo. Hayakuwa pambo tu. Mercury alizoea kuyafunika meno yake kwa mdomo wa juu au kwa mkono anapocheka, na anayevaa meno ya namna hiyo huanza kufanya vivyo hivyo bila kuambiwa.

Malek alifanya kazi na mkufunzi wa mwendo, Polly Bennett. Kazi hiyo ni tofauti na ya mwalimu wa dansi: mwalimu wa dansi hufundisha hatua, mkufunzi wa mwendo hutafuta hatua hiyo imetoka wapi. Hivyo walirudi hadi utotoni, kwa mvulana aliyecheza ndondi shuleni, na kwa wasanii ambao Mercury mwenyewe aliwapenda, kama Liza Minnelli. Maandalizi hayo yalipimwa mapema, kwa sababu onyesho la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 ndilo lililorekodiwa kwanza, katika jukwaa lililojengwa kufanana na lile la Wembley.

Lafudhi nayo ilihitaji mwalimu. Kiingereza cha Mercury kilikuwa cha mtu aliyelelewa na Wagujarati wa Zanzibar, akasomeshwa Uhindi, kisha akaishi London.

Sauti

Sauti ya kuimba katika filamu hiyo ni mchanganyiko wa rekodi za Mercury, sauti ya Marc Martel wa Kanada, na ya Malek mwenyewe. Katika Ray (2004), Jamie Foxx alipiga piano mwenyewe huku macho yakiwa yamefumbwa kwa vifaa vya bandia, lakini nyimbo nyingi zinasikika kwa sauti ya Ray Charles. Taron Egerton, katika Rocketman (2019), aliimba nyimbo za Elton John mwenyewe. Hakuna njia iliyo ya udanganyifu kuliko nyingine, mradi pumzi, shingo na midomo vilingane na sauti inayosikika.

Mipaka

Maandalizi ya mwigizaji hayasahihishi mswada. Filamu inamwonyesha Mercury akiwaeleza wenzake kuhusu UKIMWI kabla ya Live Aid, ilhali inaelezwa kwamba aligundulika mwaka 1987. Zanzibar inatajwa kwa kupita tu, jambo ambalo Malek asingeweza kulirekebisha kwa bidii yoyote.

Atakayemwigiza Siti binti Saad (aliyefariki 1950) ana pa kuanzia: santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, na Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Santuri zitampa sauti na matamshi, na kitabu kitampa maisha ya binti wa Fumba kabla hajajulikana mjini.