Kuondoka kabla ya ishara: funzo la uwanjani kwa safu za msikitini

Katika sikukuu ya Idil-Fitri iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Tunduma iliandaa mchezo wa kirafiki wa soka baina ya vijana wa madrasa yetu na wenzao wa madrasa ya mtaa wa jirani. Nia ilikuwa njema: kuwakutanisha vijana, kuzipa familia mahali pa kukaa pamoja, na kuwaweka watoto mbali na vishawishi vya mji wa mpakani. Muda ukaisha timu zikiwa sare, ikapigwa mikwaju ya penalti. Mkwaju wa mwisho wa wageni ukaokolewa na mlinda mlango wetu, na vijana wetu wakamiminika uwanjani kwa takbira. Mara filimbi ikalia. Mwamuzi, ambaye ni ustadhi wa madrasa ile nyingine, aliamuru mkwaju urudiwe, kwa kuwa mlinda mlango aliuacha mstari kabla mpira haujapigwa. Ukarudiwa, ukaingia, tukafungwa.

Yaliyofuata yanatutia haya kuyaandika. Baba wa mlinda mlango alimwita ustadhi yule mwongo mbele ya watoto. Watu wawili waliosali bega kwa bega kwa miaka mingi wakaacha kupeana salamu, na Ijumaa iliyofuata mmoja wao hakuonekana msikitini. Sisi wanakamati tulipoketi kusuluhisha, tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeijua sawasawa kanuni yenyewe. Tukaamua kuitafuta kwanza, kisha tuzungumze.

Kanuni ya 14 ya soka inasema hivi. Mlinda mlango hukaa kwenye mstari wa goli, baina ya miimba miwili, akimwelekea mpigaji. Mpira unapopigwa, ni lazima walau sehemu ya mguu wake mmoja iwe inagusa mstari, au iwe sambamba nao, au nyuma yake. Akitangulia mbele kwa miguu yote miwili kisha akauokoa mpira, mkwaju hurudiwa. Kosa la kwanza huonywa kwa maneno. Akilirudia, hupewa kadi ya manjano. Ama ikiwa mpira umetoka nje au umegonga mwimba bila yeye kuugusa, haurudiwi isipokuwa kutangulia kwake kumemvuruga mpigaji waziwazi.

Jambo hili limewaliza hata mabingwa. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2019 nchini Ufaransa, Wendie Renard wa timu mwenyeji aligonga mwimba katika mchezo dhidi ya Nigeria. Ikaonekana kwamba mlinda mlango Chiamaka Nnadozie aliuacha mstari. Mkwaju ukarudiwa, na Nigeria wakalala kwa bao 1-0. Siku mbili baadaye Scotland nao walipatwa na hayo dhidi ya Argentina: mkwaju uliookolewa ukarudiwa, na mchezo ukaisha 3-3.

Katika riadha hukumu ni kali zaidi. Zamani kila mkimbiaji alisamehewa kosa moja la kuondoka mapema. Tangu mwaka 2010, anayeondoka kabla ya mlio katika mbio fupi hutolewa papo hapo. Usain Bolt, aliyekuwa mwenye kasi kuliko watu wote duniani, alitolewa katika fainali ya mita 100 mjini Daegu mwaka 2011, na mwenzake Yohan Blake akatwaa ubingwa. Kasi yote ile haikumfaa kitu, kwa sababu hakuingoja ishara.

Tulipoendelea kutafuta, tulikutana na mchezo usiochezwa kwetu: mpira wa Kikanada, ule wa kushikwa kwa mikono na kukabana kwa mabega. Huchezwa katika nchi ambayo Waislamu wengi wa asili ya Afrika Mashariki wameifanya makazi. Kila upande una wachezaji 12. Mchezo huanza pale mchezaji wa katikati anapoupitisha mpira baina ya miguu yake kumpa mwenzake aliye nyuma. Kabla ya hapo, walio safu ya mbele wakishajipanga hukaa kimya kama waliogandishwa. Mmoja wao akishtuka tu, timu yake hurudishwa nyuma yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi. Wapinzani nao husimama umbali wa yadi moja na mpira, na wakiuvuka mpaka wao mapema huadhibiwa kwa yadi 5 vilevile. Lakini wachezaji wa nyuma wanaruhusiwa kukimbia upande wowote, hata kuelekea mbele, mradi wasiuvuke mstari kabla mpira haujatoka. Kwa hiyo si kila mwendo ni kosa. Kila mtu ana mpaka wake kulingana na nafasi yake, na wote huungoja mpira uleule.

Ndugu msomaji, hapo tuliikumbuka safu yetu wenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba imamu amewekwa ili afuatwe, na amemwonya vikali anayeinua kichwa chake kabla ya imamu, kwamba Mwenyezi Mungu asije akakigeuza kichwa hicho kuwa cha punda. Swahaba Al-Baraa bin Aazib (r.a.) amesimulia kwamba hakuna aliyeinamisha mgongo wake kwenda kusujudu mpaka Mtume awe ameweka paji la uso ardhini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamefafanua zaidi. Maamuma anayeleta takbira ya kuhirimia kabla imamu hajamaliza yake, hakuungana na jamaa. Anayemtangulia imamu kwa nguzo mbili za vitendo, kwa makusudi na hali anajua, sala yake hubatilika. Anayemtangulia kwa nguzo moja kwa makusudi ametenda la haramu, ingawa sala haibatiliki. Hata aliyechelewa anao mwendo wake: huiendea jamaa kwa utulivu bila kukimbia, husali alichokiwahi, na hukamilisha kilichompita.

Sisi wa mpakani tuna somo jingine kila Ramadhani. Saa za Tunduma zinasomeka saa kumi na mbili na nusu jioni wakati za Nakonde, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, zinasomeka saa kumi na moja na nusu. Jua ni moja na linatua kwa wote kwa pamoja. Mfungaji haangalii saa ya nchi ipi inampendeza. Anangoja jua litue. Anayekula kwa makusudi kabla ya hapo ameiharibu funga ya siku nzima kwa dakika chache, naye inampasa ailipe.

Basi tukawaita wazee wale wawili baada ya sala ya Magharibi, na mlinda mlango mwenyewe akiwepo. Kabla hatujasoma kanuni yoyote, kijana aliinamisha kichwa akasema, "Baba, nilitoka mapema. Nilijua tangu siku ile, nikaogopa kukuaibisha." Baba alinyamaza kwa muda. Kisha akainuka, akamshika mkono ustadhi, akamwomba radhi. Isha ya siku hiyo walisimama safu moja.

Wazazi wenzetu, tunaomba mambo matatu. Tujifunze kanuni za michezo ya watoto wetu kabla ya kuigombea. Tusimvunjie heshima mwamuzi mbele yao, hata akikosea, kwani leo wakimdharau mwenye filimbi, kesho watamdharau mwalimu na imamu. Na nyumbani, tunaposali nao jamaa, tuwazoeze kungoja mpaka imamu afike kwenye kitendo ndipo nao wafuate. Kijana yule alibeba ukweli peke yake kwa wiki nzima kwa kumhofia baba yake. Tusiwafanye watoto wetu waogope kutuambia kwamba wamekosea.

Wallahu a'lam.