Sauti ya Uwanjani

Mtangazaji wa mechi za ndondo huzungumza dakika 90 bila mchezaji wa akiba wa kumpokea. Nyuzi zake za sauti hugongana zaidi ya mara 100 kila sekunde. Anapopaza sauti kuushinda umati, hugongana kwa nguvu zaidi. Jioni hurejea nyumbani hoi, sauti imekauka, lakini moyo umeridhika: mtoto wa fundi cherehani amesikia jina lake likitajwa mbele ya mtaa mzima.

Furaha hiyo isimfanye apuuze dalili. Anywe maji, akitegemee kipaza sauti, kisha anyamaze, maana hata kunong'ona huchosha koo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, dawa ya kikohozi haitoshi. Achunguzwe koo, kwani huenda ni vinundu, na mara chache ni saratani.