Kipaji cha Mpira Hukua kwa Ngazi: Mafundisho Kutoka Safari ya Mbwana Samatta

Katika viwanja vya parokia zetu za Mbeya na Iringa wapo vijana wengi waliojaliwa kipaji cha kandanda. Wapo pia watu wanaowaendea wazazi wakidai fedha ili wampeleke mtoto Ulaya, hata kabla hajamaliza shule. Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe kwa ajili ya ahadi hiyo, yafaa tutazame jinsi mchezaji anavyofika huko.

Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011, akiwa na miaka 18, alisajiliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Alidumu huko hadi alipotwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Ndipo Genk ya Ubelgiji ilipomsajili. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa Ubelgiji, na Januari 2020 akahamia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayolipa. Mzazi hanunui nafasi. Pili, kanuni za FIFA zinakataza kijana wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Basi anayedai fedha ili ampeleke mtoto wa miaka 15 katika klabu ya Ulaya, anauza asichokuwa nacho.

Ngazi ya kwanza ipo nyumbani. Tukuyu Stars, timu ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mtoto na acheze, na asome pia, maana miaka ya mchezaji uwanjani ni michache. Ukiletewa mkataba, usiutie sahihi peke yako: uulizie chama cha mpira cha mkoa, na umwonyeshe mwanasheria. Talanta aliyotukabidhi Bwana huzalishwa kwa kazi na uvumilivu, na mzazi ndiye mlinzi wake wa kwanza.