Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows

Peleka kompyuta nzito kwa fundi wa mjini, na mara nyingi hata hajaifungua utasikia: "Hii tuipige Windows upya." Dawa hiyo inamfaa fundi, kwa kuwa haihitaji uchunguzi. Mteja naye huona nafuu kwa muda, maana kila kitu kimefutwa, zikiwemo programu zilizokuwa zikiielemea. Akishazirudisha, uzito nao unarudi.

Uchunguzi wenyewe ni bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, ambayo imo ndani ya Windows tangu toleo la NT 4.0 la mwaka 1996. Zitakuja safu zenye asilimia: prosesa, RAM, diski. Wengi hukimbilia prosesa, na hapo ndipo wanapopotea. Prosesa kupanda hadi asilimia 100 kwa dakika kadhaa si ugonjwa. Pengine Windows inasakinisha masasisho au kinga ya virusi inakagua mafaili. Kazi ikiisha, itashuka. Cha kutilia shaka ni prosesa inayobaki juu wakati hujafungua chochote. Na ukikuta System Idle Process imeandikiwa 98, usihangaike kuizima: hicho ni kipimo cha muda ambao prosesa imekaa bila kazi.

Mchawi halisi, kwa kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni RAM ndogo. Si ajabu kuikuta mashine nzuri tu, ina 4GB. Microsoft imeandika kwamba Windows 11 inahitaji angalau 4GB, lakini hicho ni kiwango cha kuwaka, si cha kufanyia kazi. RAM ni kama turubai la mmachinga: bidhaa zilizotandazwa zinashikika mara moja, zilizobaki zimo guniani. Turubai likiwa dogo, kila mteja akiulizia kitu lazima kimoja kirudi guniani ndipo kingine kitolewe. Windows hufanya hivyo hivyo. RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka, ile ya zamani, haiwezi kasi hiyo. Ndiyo maana utaona RAM imefika 90, diski 100, huku prosesa iko 15 ikisubiri. Ukiona sura hiyo, huna tatizo la prosesa hata kidogo. Na kufuta picha na video hakutaongeza RAM hata chembe.

Nani ameijaza? Bonyeza kichwa cha safu ya RAM, walafi watajipanga juu. Mara nyingi wa kwanza ni kivinjari. Chrome, tangu ilipotoka mwaka 2008, hutenganisha kurasa ulizofungua katika michakato mbalimbali, ili ukurasa mmoja ukianguka usiziangushe nyingine. Ni ubunifu mzuri, ila unalipiwa kwa RAM, na mtu mwenye kurasa thelathini wazi ndiye mlipaji. Baada yake tazama programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka. Orodha yake imo humo humo Task Manager tangu Windows 8. Zima usizozihitaji. Kinga mbili za virusi kwenye mashine moja pia ni mzigo bure, chagua moja.

Prosesa ikiwa juu kweli muda wote, fikiria programu za wizi zilizovunjwa ufunguo. Baadhi huja na kidudu kinachochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako, faida ikienda kwa mwingine. Joto nalo husumbua: feni ikizibwa na vumbi, prosesa ikakaribia nyuzi 100, hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Hapo panahitajika brashi na bomba la upepo, si Windows mpya.

Kama ni RAM au diski, nunua kwa mpangilio. Kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, ile isiyozunguka, ndiko kunakoonekana haraka zaidi, kisha panda hadi 8GB. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi, kwa sababu RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Pengo la kila aina limekatwa mahali tofauti. Na kabla ya kulipa, mwambie fundi afungue kifuniko. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na baadhi hazina hata nafasi moja ya kuongezea.