Nani Alilifunza Gari Kumtambua Mtu?

Kila tunapokaa kujadili akili unde nchini Kenya, swali linaloanza ni lile lile: roboti zitatunyang'anya kazi lini? Utalisikia redioni, kwenye makongamano ya hotelini, na hata kwa makanga wa njia ya Kawangware. Ni swali la haki, na nitalirudia. Lakini kwa vijana wengi wa Kibera na Kawangware, mitaa ya watu wa kipato cha chini Nairobi, limekuja likiwa limechelewa. Wao wameishi na akili unde kwa miaka sasa, wakiwa ndio walimu wake, na kinachowasumbua mpaka leo ni mshahara, mkataba na usingizi.

Tuanze na namna mashine inavyofunzwa, maana tusipolielewa hilo mjadala wote unabaki hewani.

Kompyuta haioni picha tunavyoiona sisi. Ukiipa picha ya barabara, inachopokea ni mamilioni ya nambari, kila moja ikieleza rangi ya kidoa kidogo. Haijui lami inaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Ili ijue, lazima watu wachukue maelfu kwa maelfu ya picha, wazungushie kila kilichomo mstari na kukitaja: hili gari, huyu mpita njia, huu mti, ile taa ya barabarani. Programu hupitia mifano hiyo tena na tena, inakisia, inakosolewa, inajirekebisha, mpaka ianze kukisia sawasawa hata inapopewa picha ambayo haijapata kuiona. Ndipo tunaposema imejifunza. Na kama waliozungushia mistari walikosea, inajifunza na kosa lao.

Kazi hiyo imefanyika Nairobi. Mwaka 2018, BBC iliripoti habari za Samasource, kampuni ambayo leo inaitwa Sama, iliyokuwa imeajiri vijana wa Kibera kuweka alama kwenye picha za kufunzia magari yanayojiendesha. Walitoka mtaani asubuhi, wakavuka jiji hadi upande wa mashariki, wakakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na malipo yao yalikuwa kama dola 9 kwa siku.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mbele yako kuna picha ya mtaa wa ng'ambo. Kuna mama amesimama ukingoni mwa barabara na mwavuli mkononi. Unaikuza picha mpaka kingo za mwili wake zinakuwa miraba midogo, kisha unabonyeza nukta baada ya nukta: begani, kiwikoni, kwenye pindo la gauni. Mwavuli unahesabiwa kuwa sehemu yake, au ni kitu cha pembeni? Kivuli chake je? Mtoto aliyefichwa nusu na gari lililoegeshwa, unachora kinachoonekana tu, au unakisia miguu ilipo? Mwendesha baiskeli na baiskeli yake ni kitu kimoja au viwili? Mwongozo wa mteja ndio unaoamua, nao unaweza kubadilika katikati ya kazi. Ukimaliza, mkaguzi anapitia. Mstari ukipita nje ya ukingo, picha inarudishwa uanze upya. Ukiwa na picha ya makutano yenye magari mengi, muda mrefu unakwisha kwa picha hiyo moja.

Kila nukta hapo ni uamuzi wa mtu. Anayesema gari "limejua lenyewe" kusimama amewafuta watu hao wote kwa sentensi moja. Pia ameficha udhaifu wa gari lenyewe, kwa kuwa lililofunzwa kwa picha za miji ya mbali halijawahi kukutana na mkokoteni wa mitungi ya maji Kibera Drive, wala bodaboda iliyobeba sofa ikipenya kwenye Barabara ya Naivasha saa kumi na mbili jioni.

Kibera ina kumbukumbu nyingine ya kutengeneza data, na ni njema. Hadi 2009, mtaa huu wote ulikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mwaka huo vijana wa mtaani, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakarekodi vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule na makanisa, na vyote vikaingia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kwa hiyo ujuzi upo, na umekuwepo kwa miaka. Tofauti ni kwamba ramani ile ilirudi mtaani. Mwenye zahanati aliiona zahanati yake. Picha za magari ziliondoka, na zikishaondoka, aliyeziwekea alama hajui zimetumika wapi.

Ndipo tukafika kwenye maandishi. Mwishoni mwa 2021, OpenAI iliingia mikataba na Sama yenye thamani ya takriban dola 200,000. Programu zake za lugha zilikuwa zimefunzwa kwa maandishi ya mtandaoni, na mtandaoni kuna kila uchafu: chuki, ukatili, unyanyasaji wa watoto. Ili mashine isiuteme uchafu huo kwa mtumiaji, ilihitajika programu nyingine ya kuunusa na kuuzuia, na programu hiyo nayo ilipaswa kufunzwa kwa mifano. Mtu alilazimika kuisoma mifano hiyo moja moja na kuipanga: hii ni ya ukatili, hii ni ya ngono, hii ni ya chuki.

Jarida la TIME lilichapisha habari hiyo Januari 2023. Wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wakibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, huku mikataba ikitaja dola 12.50 kwa saa ambazo OpenAI ingeilipa Sama. Sama ilijibu kwamba fedha hizo hulipia gharama zote, zikiwemo ofisi, wakaguzi na viongozi wa timu. Jibu hilo lina ukweli wake, maana ofisi haijiendeshi. Lakini halielezi kwa nini anayebeba mzigo wa kusoma maelezo ya mtoto akinajisiwa ndiye awe wa mwisho kwenye mgao. Sama ilisitisha kazi hiyo Februari 2022, miezi kadhaa kabla ya muda. ChatGPT, programu ya lugha ya OpenAI, ikazinduliwa Novemba mwaka huo, dunia ikashangilia, na Nairobi haikutajwa.

Kuna hoja inayorudi kila suala la malipo linapoguswa, na inastahili kujibiwa. Marehemu Leila Janah, mwanzilishi wa Samasource, aliiambia BBC kwamba kulipa zaidi sana kungevuruga soko la mtaani, kodi za nyumba na bei za vyakula zipande. Janah aliamini kazi ni bora kuliko msaada, na wapo waliotoka kwenye umaskini kupitia kampuni yake. Kwa hoja hii sikubaliani naye. Tayari mkazi wa Kibera hununua maji kwa mtungi, na lita kwa lita humgharimu zaidi kuliko wa mtaa wa kitajiri mwenye bomba nyumbani. Kodi ya chumba cha mabati hupanda bila kumngoja kijana wa kompyuta. Mshahara mnono haungeleta ughali ambao tayari upo. Ungempa mtu nguvu ya kuukabili.

Kisha kuna wachujaji wa maudhui, walioajiriwa na Sama jijini Nairobi kutazama video na picha za Facebook na kuondoa zisizofaa. Kuchinjana, kujiua, ubakaji, saa baada ya saa, kwa lugha mbalimbali za Afrika. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama. Mwaka uliofuata, Sama ilipojiondoa kwenye kazi hiyo na wachujaji wapatao 260 kuachishwa, zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Desemba 2024 mahakama ilipokea ripoti za Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali isiyo mbali na Kibera: zaidi ya 140 kati ya wachujaji walioshtaki walipatikana na ugonjwa wa akili unaoletwa na kiwewe.

Meta ilijitetea kwamba haikuwaajiri watu hawa na kwamba haifanyi shughuli zake Kenya, basi mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya ajira ilikataa utetezi huo mwaka 2023, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mzito zaidi kuhusu akili unde uliotolewa nchini. Mwanamume wa Kawangware anayekwenda mjengo Lavington anaijua hali hii vyema: tajiri ana kontrakta, kontrakta ana msimamizi, na jukwaa likianguka kila mmoja anamsonta mwenzake. Majaji walikubali kwamba mwenye jengo naye aitwe aje kujibu.

Turudi kwenye lile swali la roboti na kazi. Kwa kijana aliyebaki nyumbani Kawangware na kutafuta taski za mtandaoni mwenyewe, kwa laptopu ya mtumba na bando la intaneti, hakuna hata kontrakta wa kumsonta. Machi 2024, Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani ya Scale AI, liliwafungia Wakenya milango. Hawakuambiwa mapema, wala hakukuwa na ofisi ya kwenda kulalamika. Waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, kazi ambayo siitetei lakini iliyolipia kodi na karo nyingi za Nairobi, waliona oda zikipungua mara baada ya ChatGPT kuingia sokoni. Kwa hiyo ndiyo, mashine inachukua kazi. Imeanza na kazi za mtandaoni, zile ambazo serikali iliwahimiza vijana wazikimbilie kupitia mpango wa Ajira Digital. Makanga bado yuko mlangoni mwa matatu.

Huko juu serikalini, mazungumzo yamekwenda upande mwingine. Mwaka 2023 kulitokea mswada wa kuunda chama cha kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu wa roboti na akili unde, na waunda programu wakaupinga vikali kwa hofu kwamba ungeua ubunifu. Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, ukiwa na nguzo tatu: miundombinu, data, na utafiti na ubunifu. Data ikiitwa nguzo, anayeitengeneza naye ni nguzo, na hapo ndipo ningependa kuona kurasa nyingi zaidi. Lakini Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara wa 2024, uliopelekwa Seneti, ulitaka madai ya wafanyakazi yaishie kwa kampuni ya kandarasi, mteja wa ng'ambo aachwe nje. Wanaouunga mkono wanasema wawekezaji watakimbia wakishtakiwashtakiwa. Wasiwasi wao hauna ubaya, kwani ajira zinatafutwa kwa udi na uvumba. Ila kifungu cha namna hiyo kingefuta kwa kalamu kile ambacho wachujaji walikipigania kortini kwa miaka.

Ninachotaka kiandikwe sheriani si kigumu. Matibabu ya akili yaendelee kulipwa hata mkataba ukiisha, kwa sababu picha hazitoki kichwani siku ya mwisho wa kazi. Akaunti ya mfanyakazi isifungwe kabla hajalipwa taski alizokwisha kumaliza. Na kabla hajatia sahihi, aelezwe waziwazi atakachokisoma au kukitazama, ni cha mashine gani, na ni ya nani. Kampuni isiyoweza kumtaja anayeipa kazi isiruhusiwe kuandikisha mtu hata mmoja, Kibera wala Kawangware.