Kabla ya kusasisha kompyuta ya nyumbani, okoa picha za watoto

Mpunga umeshauzwa Kyela, na mtoto wa sekondari anaomba kompyuta mpakato ya nyumbani itoke Windows 10 iende 11. Mama anasita: humo ndimo zilimo picha za wanawe tangu wakiwa wachanga.

Kusubiri nako kuna hatari. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Bila masasisho ya usalama, virusi hupata mwanya.

Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kinga iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina.

Mzazi, kwanza nakili picha kwenye flashi. Mashine ikikidhi, jaza chaji, umeme usije ukakatika katikati. Isipokidhi, usiilazimishe: ibaki ya masomo, bila intaneti.